Kaa

Chiromo, saa moja asubuhi. Friji ya tatu inanguruma peke yake,
ndani yake bomba la tope, mita moja u nusu,
lililong'olewa sakafuni mwa bahari.
Kazi yangu kuosha vioo na kuandika tarehe.
Kerubo ndiye asomaye.

Hulikata tope kwa uzi, sentimita kwa sentimita,
kila sentimita miaka mia tano, pungufu au zaidi.
"Njoo uone, Muthama." Nainamisha jicho:
viduara, vikapu, vyano vya kioo,
vidogo hata vumbi lingeviita vumbi.
Planktoni. Walikula jua, wakanywa hewa,
wakafa wangali na ukaa tumboni,
wakazama nao.

"Hapa," anagusa mkanda wa kahawia,
"barafu ya Kirinyaga ilikuwa imeshuka mabegani.
Upepo mkavu ukipeperusha udongo hadi baharini,
na udongo una chuma,
na chuma kwao ni kama chumvi ya mchuzi:
chembe tu, wakala bila kusaza.
Hewaukaa ikapungua angani."

Nikatazama kiatu changu. Udongo wa Kinoo, mwekundu,
mvua ya jana.
Huu nao huenda wapi?
Mto Nairobi, Athi, Galana, Sabaki:
majina manne, maji yale yale,
na sabuni yetu, na mbolea ya kahawa,
na choo kilichofurika.
Huko nako wanakula. Wakivimbiwa
maji hukosa pumzi, samaki huelea.

Mama huuza makaa Kangemi, kwa debe.
Karo yangu ilinuka moshi.
Nikauliza: basi na huu watatumezea?

Kerubo akafuta lenzi, polepole.
"Wengi huliwa njiani, pumzi yao ikarudi juu.
Wachache hufika chini. Na chini nako maji hugeuka,
baada ya miaka elfu hupanda
yakitema kilichofichwa.
Kwa kila mia, pengine mmoja hubaki topeni."

Lugha yetu imewalaza watatu chumba kimoja:
kaa la moto, kaa wa pwani,
na kaa, yaani usiondoke.
Hilo la mwisho nililiambia tope
nikilirudisha frijini.

Saa nne stima ikapotea.
Jenereta ya jengo ikaamka, ikakohoa nyeusi
juu ya miti, ili tope lisioze.
Nikachukua kibandiko kipya, nikaandika tarehe ya leo,
sentimita ambayo bado haijazama.