Ndoo ya Arobaini na Mbili

Ukurasa wa kwanza una doa la kahawa
na mwandiko wa Elam Rauch, fundi viatu:
"Tumekutana watu kumi na tisa juu ya duka la Prosser.
Tumeazimia Harnerville isiungue tena huku tukiitazama."
Hoteli ilikuwa imeteketea wiki tatu nyuma,
usiku wa barafu, kisima kimeganda,
wanaume wamesimama, mikono mifukoni,
na moto, usiojua kubisha hodi,
ukipita chumba hadi chumba kama mwenye nyumba.

Fedha ya pampu haikuwepo.
Wakanunua ndoo za bati arobaini na mbili,
wakazipaka rangi nyekundu, kila moja na namba yake.
Haba na haba si methali tu
ukiwa kwenye mstari, ndoo inakuja, ndoo inakwenda,
maji yanakuganda kwenye mikono ya koti.

Januari 1889: "Ndoo zimehesabiwa. Arobaini na moja.
Moja haijulikani ilipo."

Pampu ikaja mwaka wa tano, kwa mapai ya tufaha.
Daftari linasema "wanawake wa mji," basi.
Mimi, karani wa sasa, nimeongeza pembeni kwa penseli:
Orpha Rauch. Tabitha Prosser. Na mke wa Dutko,
ambaye jina lake mwenyewe
hata kaburi lake halikulitunza.

Kisha 1911, kiwanda cha hariri.
Saa kumi na moja za moto, Rauch kaandika mistari mitatu:
"Gwilym Prosser alirudi ndani. Msichana katoka. Prosser hakutoka."
Chini yake: "Mpira wa maji, futi mia mbili, umeharibika."
Hapo kwenye "futi" kalamu imetoboa karatasi.

Sitaficha na haya.
Waslovaki wa machimboni walikuja kila kengele ilipolia,
wakashika mkia wa mpira, wakala moshi uleule,
na miaka ishirini tukawanyima uanachama.
Moto haukuuliza mtu ukoo wake. Sisi tuliuliza.
Stefan Hudak alipigiwa kura mara nne.
Mara ya nne kura nyeusi zilikuwa mbili tu,
naye akaingia, akavua kofia,
akauliza ufagio uko wapi.

Yanayobaki ni mashina ya moshi, mabanda ya kuku,
mafuriko ya '72 tulipokuwa mabaharia kwa siku sita,
king'ora kipya kilichofanya mbwa wote wa bonde walie pamoja.
Machi 1956: "Moshi mzito kwa Bibi Kline. Ilikuwa mikate.
Tumeila."

Na kila Januari, bila kukosa, karani baada ya karani:
arobaini na moja; moja haijulikani ilipo.
Ndoo zenyewe ziko ukutani, hazijabeba maji tangu enzi za farasi,
lakini tunazihesabu kwa sauti, na mtu lazima acheke.

Siku hizi tuko tisa. Machimbo yamejaa maji,
vijana wanafanya kazi mbali, mwendo wa saa nzima kwa gari,
na moto hausubiri mtu atoke kazini.
Nahodha wetu ni Denise Hudak, kitukuu cha yule wa ufagio.
Jumapili tunauza chapati za maji na asali ya mti,
tunalipia matairi.

Oktoba, bomba la moshi kwa mzee Wilmer Rauch.
Kazi ya dakika ishirini. Tukapanda darini kukagua cheche,
na pale, chini ya tundu la paa, tone kwa tone,
ndoo ya bati, wekundu umebaki kwenye mshono tu.
Nilimulika namba. Denise akaiona. Hatukusema kitu.
Mzee akaita kutoka chini: "Kuna hatari?"
"Paa linavuja," Denise akajibu.
Akaimwaga dirishani,
akairudisha palepale.

Januari nimeandika kama ilivyo desturi.
Mkono wangu haukutetemeka.