Shamba Lililoota Ndevu

Marehemu mumewe alipenda udongo uchi,
safi kama meza iliyopanguswa.
Kila Aprili trekta, kila Mei dawa,
na mizabibu ikasimama mistari mistari
kama wagonjwa kwenye foleni.

Alipomzika, Nargiza akauza trekta,
akanunua kondoo kumi na mmoja
na gunia la mbegu za dengu.
Kakheti nzima ikacheka:
"Shamba limeota ndevu!"
"Aliyenyolewa," akajibu, "ndiye huungua jua."

Mwaka wa kwanza, mavuno nusu.
Wa pili, ukungu. Alilia ghalani,
shahidi kondoo.
Wa tatu, mvua ya Juni ilishuka kwa hasira,
ikabeba udongo wa Vazha hadi barabarani;
wa Nargiza ukainywa, ukanyamaza.

Sasa makapi ya zabibu hurudi shinani yalikotoka.
Mtungi umezikwa hadi shingoni,
ndani yake divai yachachuka yenyewe,
bila hamira ya duka,
ikinong'ona usiku kucha.

Jana kaja Vazha, kofia mkononi,
kuazima kondoo.
"Watano tu."
Nargiza hakusema ndiyo.
Aliinama, akachota konzi ya udongo,
akamnusisha kwanza.