Viatu vya Karanga

Bumu lilipoingia, mwaka wa pili,
sikununua simu. Nilikwenda Karanga,
dukani kwa magereza, nikachagua viatu vyeusi
vya ngozi nene, vya kuvaa fildi.
Askari aliyenifungia kwenye gazeti akacheka:
"Hivi havichakai, mwanafunzi. Utavirithisha."
Ndani ya ulimi wa kimoja
mtu alikuwa ameandika namba kwa kalamu.
Sikuuliza ni ya nani.

Rombo, mama anawaambia watu nasomea jinai,
watu wanaguna, kama vile nasomea kuiba.
Kwa nini si uuguzi?
Nadharia saba za kwa nini mtu anavunja sheria
nimezikariri usiku, miguu kwenye beseni la maji
nisisinzie.
Zote kwa Kiingereza. Humo, njaa ina jina refu.

Mahakama ya mwanzo inaanza saa tatu,
yaani saa nne na nusu.
Nakaa benchi la nyuma, kitabu cha fildi magotini.
Kazi yangu kutazama na kunyamaza.
Siku ya kumi na moja akaingizwa Nderingo Lyaruu,
miaka ishirini na miwili,
mguu mmoja kandambili, wa pili mtupu.
Buni, madebe mawili, mali ya Bwana Kiwelu.
Ni kweli au si kweli?

"Kweli nilichukua, mheshimiwa.
Nimemchimbia mfereji wiki tatu.
Kila Jumamosi ananiambia njoo Jumamosi.
Nikapima madebe mawili, ndiyo jasho langu.
La tatu nikaliacha."

Maneno yalikuwa mengi, mstari ukawa mmoja:
Mshtakiwa anakiri kosa.
Nililiona *kuchukua* likivuka meza
na kufika ng'ambo likiitwa *kuiba*.

Kifungu nilikijua.
Muhula wa kwanza kilinipa kumi na saba kati ya ishirini:
achukuaye akiamini kwa moyo mweupe
kwamba ni haki yake, huyo si mwizi.
Pembeni mwa daftari niliandika kwa Kiswahili, *dai la haki*,
nikalizungushia duara, nikafurahi.

Mwanafunzi wa fildi hasimami.
Mwanafunzi wa fildi anajaza kitabu, msimamizi anasaini.
Miezi sita.
Alipopitishwa mbele yangu hakunitazama usoni.
Alitazama viatu.

Usiku nikajaza:
*Leo nimejifunza utaratibu wa kukiri kosa.*
Msimamizi akasaini, akaongeza: *Vizuri.*

Tangu hapo kiatu cha kushoto kinalia.
Nikipita ukumbini kinalia, maktaba kinalia, watu wanageuka.
Fundi wa Mbuyuni alikipindua, akauvuta uzi kwa meno,
akanirudishia.
"Sikigusi hiki. Aliyekishona alikuwa na muda."

Leo siku ya ishirini na sita.
Rufaa ni siku thelathini.
Nimepanda Kibosho kwa miguu, njia imelainika kwa mvua,
viatu nimeviacha mlangoni, vizito kwa udongo.
Mama yake, Anasia, ananimenyea ndizi ya kuchoma, moto bado,
hajali vidole.
"Wewe ni wakili?"
Hapana.
"Wa serikali?"
Hapana.
"Sasa wewe ni nani?"

Ndizi inaniunguza ulimi.
Nilikuwepo, nasema.

Anakwenda jikoni, anakaa huko sana,
anarudi na kalamu ya mjukuu, imetafunwa kifuniko.
Nachana ukurasa wa kitabu cha fildi, ule usiosainiwa.
Juu naandika: *Hakukiri. Alieleza.*
Chini yake, kwa Kiswahili, kama alivyotamka,
bila kupunguza:
mfereji,
wiki tatu,
Jumamosi na Jumamosi yake,
madebe mawili.
La tatu akaliacha.