Na Nani?

Vitatu kwa pauni, alisema Bi Elspeth,
akavifunga kwa uzi wa katani
kama afungaye mchicha.
Dundee ilikuwa na mvua ile isiyonyesha wala kukoma,
nami nilikuwa na saa mbili kabla ya zamu.

Kimoja, kumbukumbu za waziri mstaafu:
kizito, jaladani anacheka na mbwa wake.
Kimoja, historia ya fasihi ya dunia nzima,
kurasa mia nane, harufu ya kabati la marehemu.
Na kimoja cha mauaji, kichovu, pembe zimeliwa,
chai imemwagika juu ya maiti.

Ndani ya vyote jina moja, wino wa buluu:
Agnes Lumsden. Hakuna mwaka, hakuna mtaa.
Ila penseli. Penseli yake haikulala.

Waziri kaandika: makosa yalitendwa,
viwanda vilifungwa.
Agnes, pembeni: Na nani?

Nikaruka hadi kwetu. Waswahili
tumepewa tanbihi, mistari miwili,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
tenzi kadhaa zilikusanywa pwani.
Nilijua atauliza. Kauliza.
Na nani? Kisha chini, penseli imekazwa hadi karatasi ikatoboka:
Kutoka kwa nani?

Nikafunga kitabu.
Shangazi wa babangu, Pangani, alikuwa na kasha la tenzi.
Akaja bwana mmoja na kofia yake, akaazima.
Ndiyo, akaazima.
Nyumbani hadi leo mdeni sugu
tunamwita Bwana Kofia, na watoto wanacheka
bila kujua wanacheka nini.

Cha mauaji nilikisoma kantini, nikila viazi baridi.
Tajiri aliuawa ukurasa wa tatu,
na humo Agnes hakuandika neno.
Inspekta alikuwa akimwulizia.
Ukurasa wa mwisho umechanwa. Nilitukana kwa Kisambaa,
mpishi akaitika, "Asante."

Saa kumi alfajiri, wodi imetulia,
mashine inahesabu pumzi za watu.
Najaza ripoti, kama tulivyofundishwa, bila mtu ndani yake:
Dawa ya kitanda cha tisa ilicheleweshwa.

Kalamu imesimama.
Mzee wa kitanda cha tisa anakohoa, anageukia ukuta.
Nasikia penseli ikikwaruza.

Nafuta nukta.
Naongeza: na mimi.