Dirisha la Nane

Filamu imeisha saa tano kasoro usiku
nasi tumesimama Bondeni, kwa Mama Nyevu.
Viazi vya karai vinapiga kelele mafutani
na Twalib anavishinda.

"Bastola! Karani Bakuli na bastola!
Mtu aliyeiokoa Kilimia nzima kwa muhuri wa mpira,
wino umekauka, anautemea mate,
leo mwampa bastola ya mwanga?"

Anavyo vyote vitano, Twalib.
Cha pili amekivika karatasi ya mfuko wa saruji.
Anajua Karani alipakiwa Kilindini kimakosa
ndani ya kontena la majani ya chai,
na namba ya kontena anaijua.
Mwamshe alfajiri, atakutajia.

Mwanahamisi anafyonza ukwaju kidoleni.
"Kitabu ni kitabu, sinema ni sinema.
Wewe ukila samaki wa kupaka
wamuuliza mbona haogelei?"

"Na Sahau je?"
Huyo ni Badi, na Badi hasemi ovyo.
Sahau, roboti asahauye kila kitu ila madeni:
wamemfanya kijana mtanashati, chuma kinang'aa,
hasahau hata jina la mtu.
Hapo Mwanahamisi naye akanyamaza.
Kidogo tu.
"Lakini Wagubi wamewapatia."

Kweli, wamewapatia. Vichwa vitatu,
kila kichwa kinadai risiti yake.
Mzee mmoja safu ya nyuma alicheka
hadi kiti kikakatika mguu.

Kiazi kinaniunguza. Nakihamisha mkono.

Sijawaambia kwamba mimi sikuvisoma.
Nilisomewa.
Kaka yangu Shee, Kibokoni, chumba cha juu,
mwaka ule stima zilipokuwa zikikatika kama uzi mbovu,
taa ya chemni katikati yetu, moshi puani.
Tulikuwa na kimoja tu, cha tatu, cha kuokota;
kurasa zake kumi na nane
mtu tusiyemjua alikwisha kuzifungia njugu.
Shee alipofika penye pengo hakusimama.
Sauti haikutetereka. Hata ukurasa alifunua,
ukurasa ambao haukuwapo.

Ndipo Wagubi waliposhuka duniani, majeshi elfu,
wamekuja kututeka, na Karani Bakuli,
bila kuinua macho kwenye daftari, akawaambia:
"Kuteka ni dirisha la nane."

Na madirisha yalikuwa saba.

"Wako foleni mpaka leo," Shee akasema,
"ndiyo maana sisi tu hai."
Nilicheka nikaishia mvunguni mwa kitanda.

Mwaka tuliomzika nilikinunua kitabu kizima.
Nikaenda moja kwa moja kwenye zile kumi na nane.
Karani ana mafua.
Kurasa kumi na nane, Karani ana mafua,
anatafuta leso.

Nilijua, basi. Na bado leo
nimekaa kwenye kiti chenye chemchemi iliyotokeza,
saa mbili na nusu, nikilingoja dirisha la nane,
kana kwamba wale watu na kamera zao
waliwahi kupanda ngazi zetu.
Taa zilipowashwa nilikuwa na hasira
ambazo sikujua nimdai nani.

"Nawe umenunani? Umelishwa shubiri?"
Mwanahamisi ananipiga kikumbo.

"Wameliacha dirisha la nane," nasema.

Kimya. Mama Nyevu anageuza viazi.
Badi anamtazama Twalib
kama mtu afunguavyo kamusi.
Na Twalib, Twalib wa namba ya kontena,
anafumba macho, midomo inamchezacheza,
anapekua kichwani, anarudi nyuma, anapekua tena.

"Wallahi," anasema,
"hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.
Kitabu cha tatu. Ukurasa wa kushoto, huku chini."

Viazi vyake nimelipa mimi.