Sekunde Tisa

Baba hakuwa nyota. Alikuwa yule mtu
anayefuta bilauri nyuma ya muuaji,
karani wa hoteli, daktari wa kusema "Ameshakufa"
na kutoka.
Filamu sitini na tatu; jina, likiwepo,
chini kabisa, watazamaji wakipapasa makoti yao gizani.

Mwaka wa hamsini na mbili akaitwa kwenye meza ndefu.
Taja, wakamwambia. Akataja: Morris Zelnick.
Na wengine? Morris Zelnick, akarudia, herufi kwa herufi,
jina lake mwenyewe,
kama mtu anayetoa kipimo cha kiatu.

Simu ikafa bila kukatwa.
Kila asubuhi mama aliinua mkonga, akasikiliza mlio,
akaurudisha polepole asije akamwamsha.

Basi akaenda kufuta bilauri za kweli,
baa moja ya Burbank, zamu ya usiku.
Walevi walimkodolea macho: "Wewe nakujua wapi?"
"Nina sura ya kila mtu," akajibu, akamimina.

Miaka kumi na moja. Kisha bahasha, karatasi moja, mstari mmoja:
"Kama kawaida, bwana?"
Kijana mwenye miwani myeusi akamuuliza
iwapo amewahi kushika bilauri.
Baba akasema atajitahidi.

Usiku wa manane televisheni hunirudishia.
Nawaambia wanangu, muuaji mwacheni,
tazameni kitambaa
kinavyozunguka mle ndani ya kioo
na uchafu umekwisha zamani.