Nukta Tatu

Mapendo ameniletea dakika mbili na sekunde nane
ndani ya simu yenye ufa kwenye kioo.
Amekaa kiti cha wateja, buti zake zikimwaga theluji iliyoyeyuka
juu ya zulia la chumba changu cha chini, mtaa wa Sargent, Winnipeg.
"Itulize, kaka. Tukiitazama tunashikwa na kichefuchefu.
Mugisho alipiga huku anakimbia."

Natafuta kisichotembea.
Ndiyo kazi yenyewe, hakuna uchawi:
unaipa programu nukta, unaiambia shika hapa,
nayo inaiandama fremu kwa fremu kama mdai na mdeni wake,
inapima imeruka kiasi gani juu, kiasi gani kando,
kisha inaisukuma picha nzima upande wa pili, kiasi kilekile.
Kilichopanda kinashushwa. Kilichoyumba kinarudishwa.

Lakini uwanja wa ndege, mwezi wa Februari, nini hakitembei?
Nilijaribu kofia ya mlinzi; akageuka, akaondoka nayo.
Nilijaribu fundo la kilemba cha mama, kule mbali nyuma ya kioo,
na mama akatulia tuli katikati ya skrini
na Kanada yote ikaanza kuyumba kumzunguka,
dari, mabegi, bendera, watu wa mapokezi,
yeye tu kasimama.
Niliitazama hiyo mara tatu kabla ya kuifuta.
Haikuwa uongo. Ila sikuombwa hiyo.

Mwishowe: parafujo ya mlango, kona ya tangazo la kahawa,
taa moja ya dari iliyoungua.
Nukta tatu. Zikashika.

Pembeni programu ikanichorea mstari,
mwendo wa mkono wa Mugisho, fremu elfu tatu mia nane na arobaini.
Mugisho mwenyewe haonekani popote;
mshika simu huwa hayupo.
Ila hapa yupo: hatua, hatua, hatua,
mguu wa kushoto mzito kidogo kuliko wa kulia
(je, anachechemea? sikumwuliza dada yake),
kilele kirefu aliporuka kamba ya foleni,
halafu anasimama.
Hata hapo mstari haulali. Unaota meno madogomadogo ya msumeno
sekunde sita nzima, na baridi iko nje, mle ndani mna joto.

Wahenga walinena haraka haraka haina baraka.
Hawakuwahi kusubiri miaka tisa mlango wa kioo ufunguke.

Nikabonyeza. Ikatulia.
Sasa kuna mtu anaelea kumwendea mama,
hana miguu, hana pumzi, kama aliyepita tu njiani.
Na utulivu una bei, unalipwa kwa kingo:
kila picha inaposukumwa, pembeni panabaki weusi,
huna budi kuvuta karibu na kukata.
Nilikata asilimia kumi na mbili.
Ndani ya hiyo asilimia alikuwemo Sifa, miaka minne,
akirukaruka upande wa kushoto na puto lake.
Limebaki sikio, na uzi.

"Safi sana," Mapendo akasema. Kisha: "Sifa yuko wapi?"
Nikarudisha asilimia tano. Picha ikacheza kidogo.
"Na icheze," akasema. Sifa akarudi, hadi begani.

Dakika moja na sekunde hamsini na saba, programu inalalamika:
nukta imepotea. Nukta imepotea. Nukta imepotea.
Mama amefika. Simu imebanwa kati ya vifua viwili,
hakuna parafujo, hakuna taa,
ni kitenge cha buluu kilichosogea mno hata hakina maua tena,
na kishindo kwenye maikrofoni, sijui moyo wa nani.
Je, utachagua nukta mpya?
Nikapeleka mshale huku na huku juu ya kile kitambaa.
Hapakuwa na pa kushika.

Sekunde kumi na moja. Nimeziacha hivyo.
Kwenye risiti nimeandika dola arobaini,
kazi: kutuliza,
dakika moja na sekunde hamsini na saba.